Sina furaha tena, na naambiwa ni dhambi: jibu kwa mwimbaji wa Ndosho

Swali

"Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Ndosho, hapa Goma. Naimba soprano katika kwaya tangu 2011, nilianzia Sake. Tulikimbia vita Februari 2024, tukakaa kambini Bulengo karibu mwaka mzima. Januari 2025 mume wangu alirudi kuangalia shamba, na tangu siku hiyo hatuna habari yake. Si mzima, si maiti. Kanisani naenda, kwenye kwaya nasimama, lakini wimbo hautoki. Nikifungua kinywa naona kama ninadanganya. Kiongozi wetu aliniambia kwamba Mkristo asiye na furaha amemfungulia adui mlango, akanipa siku saba za kufunga. Nilifunga. Hakuna kilichobadilika, nilikonda tu. Je, imani yangu imekufa? Nijilazimishe kuimba? Na nivumilie mpaka lini?"

Jibu

Dada yangu, Bwana asifiwe.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mke wangu kando, maana yapo mambo ambayo mama huyaona upesi kuliko mchungaji. Tulipofika pale uliposema "si mzima, si maiti", aliniomba niache kusoma kidogo. Kwa hiyo ninayeandika ni mimi, lakini jibu ni letu wote wawili.

Imani yako haijakufa. Nalisema hili mwanzo kabisa ili usisome yote yanayofuata ukiwa na hofu. Mtu ambaye imani yake imekufa haandiki barua kama hii, kwa sababu jambo lenyewe halimsumbui tena. Wewe Jumapili unaamka, unatafuta maji, unawaogesha watoto wanne, unapita nao juu ya mawe ya volkano mpaka kanisani, unasimama mahali pako, wimbo hautoki, na Jumapili inayofuata unarudi. Nimekuwa mchungaji miaka mingi na sijui jina jingine la kitendo hicho isipokuwa imani.

Jambo la pili ni la tumbo. Acha kufunga, kuanzia leo. Kufunga ni kitu kizuri na mimi mwenyewe hufunga, lakini mama aliyetoka kambini, anayenyima mdomo wake ili watoto wapate bugali, tayari yuko katika mfungo ambao hakuna aliyemtangazia. Soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya amekimbia, amefika jangwani, amelala chini ya mti na kuomba afe. Mungu hakumtumia mhubiri. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile, kwa sababu safari ilikuwa bado ndefu. Sauti ya Mungu, ile ndogo ya utulivu, ilikuja baadaye sana, huko mlimani, baada ya usingizi mara mbili na mlo mara mbili. Utaratibu huo sikuubuni mimi. Kwa hiyo kula, hata sombe na sambaza kidogo, na ule pamoja na watoto, usile mabaki yao.

Sasa tufike kwenye furaha yenyewe, maana hapo ndipo walipokuumiza.

Aya ambayo wengi hukupiga nayo ni Wafilipi 4:4: "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Ni amri, ndiyo. Lakini itazame vizuri jinsi Kiswahili chetu kilivyoitafsiri kwa haki. Paulo hakusema "furahi". Alisema "furahini". Ile "ni" ya mwisho ina uzito wote wa jambo hili. Na Kigiriki cha barua ile ni vivyo hivyo, ni wingi. Hakumwandikia mama mmoja aliyekaa peke yake kitandani usiku akijipima kama ana furaha ya kutosha. Aliliandikia kanisa, watu wengi waliokaa pamoja wakisomewa barua kwa sauti. Aliyekupa amri hii peke yako amekata neno katikati, akakuachia nusu iliyo nzito.

Tena angalia kinachotangulia. Aya mbili kabla yake Paulo anataja wanawake wawili waliokuwa wametumika pamoja naye katika Injili, Euodia na Sintike, ambao walikuwa hawapatani. Anamwomba mjoli mwenzake mmoja awasaidie. Ndipo linakuja neno "furahini". Kwa hiyo furaha ya Wafilipi inaanza na mtu akiambiwa asaidie kubeba mzigo wa dada wawili walioshindwa kuubeba wenyewe.

Na mtu aliyeiandika amri hii alikuwa wapi? Gerezani. Lakini hapo pia tuwe waangalifu, maana wahubiri hupenda kumfanya Paulo mtu wa chuma. Katika barua hiyohiyo anakiri kwamba anaandika kwa machozi. Anasimulia jinsi rafiki yake Epafrodito alivyougua karibu ya kufa, na kwamba Mungu alipomponya alimhurumia Paulo pia, asije akawa na "huzuni juu ya huzuni". Sikia hilo, dada yangu. Mtume wa furaha anasema alikuwa na huzuni moja tayari, na ya pili ingemzidi. Na kwa Wakorintho aliandika waziwazi kwamba walilemewa kuliko nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Hakuna aliyemwambia kwamba amemfungulia adui mlango.

Neno ambalo mimi hulishika zaidi ya yote liko katika 2 Wakorintho 6:10: "kama wenye huzuni, bali siku zote tu wenye furaha". Vitu viwili, wakati mmoja, ndani ya mtu mmoja. Sisi tumefundishwa kana kwamba furaha na huzuni ni wapangaji wawili wa chumba kimoja, akiingia huyu lazima yule atoke. Biblia haifundishi hivyo. Yesu alijua kwamba dakika chache baadaye angemwita Lazaro atoke kaburini, na bado alilia kabla hajafika kaburini. Kama furaha ingefuta machozi, asingelia, maana hakuna aliyekuwa na sababu ya furaha kuliko yeye saa ile.

Kiswahili pia kinatusaidia kutenganisha furaha na raha. Raha ni hali: umeshiba, watoto wako shuleni, mume yuko nyumbani, mlango unafungika. Raha yako imevunjwa, na si kosa lako, wala Mungu hakudai ujifanye kana kwamba haikuvunjwa. Furaha ambayo Maandiko yanaisema ni kujua kwamba kuna Mmoja ambaye hajakuacha, hata pale ambapo mwili wako hauhisi chochote. Mara nyingine kujua huko kunapanda mpaka kwenye uso na kinywa. Mara nyingine kunabaki chini, kama maji chini ya mawe yetu haya ya Goma: unatembea juu ya ukavu mtupu, na maji yapo.

Nataka nikae kidogo kwenye habari ya mume wako, kwa sababu kiongozi wako wa kwaya hakuigusa kabisa, na nadhani ndiyo iliyofunga koo lako.

Kifo kina kilio chake. Mtu akifa kwetu, majirani wanaleta viti, wanawake wanalala sakafuni na mjane, sufuria kubwa inawekwa motoni, watu wanachanga, wimbo unaimbwa usiku kucha. Baada ya siku kadhaa kilio kinaisha, na mjane anajua yeye ni nani. Kupotea hakuna kilio. Hakuna aliyekuletea kiti. Hujui uvae nini. Ukilia sana unaona kama unamuua kwa machozi yako, na ukicheka na mtoto unaona kama umemsahau. Watu wamechoka kuuliza. Kila motari akisimama karibu na nyumba moyo unaruka. Wanaoshughulika na majeraha ya moyo wanakubali kwamba huzuni ya namna hii ni nzito kwa namna ya pekee, kwa sababu haina mlango wa kutokea. Si udhaifu wako. Mtu yeyote angechoka.

Kwa hiyo nakushauri mambo mawili ya vitendo. Kama bado hujaenda, nenda kwa Msalaba Mwekundu uandikishe jina lake; wanayo huduma ya kutafuta watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita. Inaweza kuchukua muda mrefu, lakini kuandikisha ni tendo la mke anayetumaini, na linautoa mzigo mikononi mwako na kuuweka kidogo mikononi mwa wengine. La pili, mwombe mchungaji wako ibada fupi nyumbani, jioni moja, si ya mazishi, ni ya kumtaja tu mbele za Mungu. Watoto wawepo. Kila mmoja aseme jambo moja analolikumbuka juu ya baba yao. Kama mchungaji wako haoni umuhimu wake, niandikie tena, tutakuja sisi.

Uliniuliza kama ujilazimishe kuimba. Hapana. Na nina zaburi ya kukupa.

Zaburi ya 137 iliimbwa na wakimbizi. Wametolewa kwao, wameketi kando ya mito ya Babeli, na waliowachukua wanataka burudani: tuimbieni mojawapo ya nyimbo za Sayuni. Nao wakavitundika vinubi vyao kwenye miti na kuuliza: "Tuuimbeje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni?" Angalia, waimbaji wa hekalu, watu wa kazi hiyo, wanakataa kuimba, na kukataa kwao kumekuwa wimbo, na wimbo huo umo katika kitabu cha nyimbo cha watu wa Mungu mpaka leo. Hawakuvivunja vinubi. Walivitundika. Kinubi kilichotundikwa kinamngoja mwenyewe.

Na hawako peke yao. Katika zaburi 150, theluthi moja au zaidi ni maombolezo. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kwisha gizani, bila neno moja la shangwe mwishoni, na hakuna mwandishi aliyeogopa akaiongezea "haleluya" ili isomeke vizuri. Makanisa yetu mengi hapa mashariki yamesahau kuomboleza. Tunapiga ngoma, tunapiga gitaa, tunaruka, na mimi naipenda ibada hiyo kwa moyo wangu wote. Lakini kanisa la mji uliopitia yale tuliyopitia Januari 2025, vita vilipoingia mjini, ambalo halina hata wimbo mmoja wa kumlilia Mungu, linawaacha watu kama wewe bila lugha. Hilo ni kosa letu sisi wachungaji, na nakuomba radhi kwa ajili yake.

Nitakusimulia habari ya baba yangu. Alikuwa fundi cherehani, na katika kwaya aliimba besi. Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, moto ukashuka ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tulivuka mpaka kuingia Gisenyi pamoja na umati usiohesabika, mama akiwa amebeba sufuria na mimi nikiwa nimebeba mdogo wangu. Tuliporudi, nyumba yetu ya mbao haikuwepo, na mahali ilipokuwa palikuwa na jiwe jeusi lililokuwa bado linatoa joto. Cherehani ilikuwa chini yake, na vitambaa vya watu pia, ambavyo baba alipaswa kuvilipa.

Baba aliacha kuimba. Hakugombana na Mungu kwa sauti, alinyamaza tu. Jumapili alikuja, akasimama kwenye mstari wa besi, kinywa kimefungwa. Wazee wawili wa besi walifanya jambo moja ambalo nililielewa nikiwa mtu mzima: kila Jumapili walimweka katikati yao. Hawakumwambia aimbe wala hawakumwombea kwa kumwekea mikono mbele ya watu. Mmoja kushoto, mwingine kulia, wakaimba sehemu yake. Mwezi wa pili ukapita, wa tatu, wa sita. Mwishoni mwa Agosti aliazimwa cherehani ili ashone sare za shule, mashati meupe, kazi ya haraka kabla ya Septemba. Jioni moja alikuwa anakunja ukosi wa shati, mguu unakanyaga, na tukasikia anaguna besi ya wimbo mmoja wa zamani. Yeye mwenyewe hakujua. Mama akatuwekea kidole mdomoni tusiseme kitu.

Hivyo ndivyo nilivyoiona furaha ikirudi. Haikurudi katika kesha. Ilirudi kwenye kazi ya mikono, bila kuitwa, kwa mtu ambaye miezi saba alikuwa amesimama katikati ya sauti za wengine.

Ndiyo maana nakuambia: usiimbe kwa nguvu, lakini usiondoke kwenye kwaya. Simama katikati ya masoprano wenzako. Mwambie kiongozi wako, kwa heshima na kwa uso mkavu, kwamba kwa sasa utasimama bila kuimba, na unaomba wenzako waimbe na sehemu yako. Akisema haiwezekani, mwonyeshe Marko 2. Watu wanne wanambeba mwenye kupooza, wanatoboa dari, wanamteremsha. Imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao! Ya waliobeba. Aliyelala kwenye godoro hakuulizwa ana imani kilo ngapi. Alikuwa na kazi moja tu, kutoshuka njiani.

Wewe unawajua wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanaopandisha mzigo kuelekea Kibati. Kwenye mteremko mtu mmoja anatosha, anapanda juu yake na kushuka kama upepo. Kwenye mlima hakuna anayejivuna, anatafuta vijana wa kusukuma nyuma. Sijawahi kusikia mtu akimwambia mwenye chukudu kwamba kutafuta msukumaji ni ukosefu wa nguvu. Mlima ni mlima. Na wanaokuambia "furahi tu, mama" wengi wao wako kwenye mteremko. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa uvumilivu. Neno ambalo Biblia yetu inalitafsiri "saburi", kwa Kigiriki ni hupomone, na limeunganishwa kutoka maneno mawili: kukaa, na chini. Kubaki chini ya kitu bila kukimbia. Halisemi kutabasamu chini yake. Halisemi hata kuwa na nguvu. Paulo anapowaandikia Warumi kwamba dhiki huleta saburi, na saburi uthabiti wa moyo, na uthabiti tumaini, anaeleza njia ndefu, hatua baada ya hatua, na furaha anayoitaja haitokani na utamu wa dhiki, inatokana na kujua njia inaelekea wapi.

Nina ugomvi mdogo na methali ya "mvumilivu hula mbivu". Ni kweli katika shamba la ndizi. Lakini ikiingizwa kanisani inakuwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa, kwamba ukivumilia vizuri utarudishiwa yote hapahapa. Waebrania 11 inaorodhesha watu wa imani na kumalizia kwamba wote hao hawakuipokea ile ahadi wakiwa hai. Siwezi kukuahidi kwamba mume wako atarudi. Natamani. Naomba. Anayekuahidi, na hasa anayekuahidi baada ya kukuomba sadaka ya "mbegu", mkimbie, hata kama ana sauti nzuri na kanisa limejaa. Dola tano zako ni za daftari za watoto.

Hapa Goma tuna mtu ambaye wengi wanamtaja siku hizi wanapohubiri juu ya kuvumilia: Floribert Bwana Chui, kijana wa mji huu, mfanyakazi wa ukaguzi wa bidhaa mpakani, aliyekataa rushwa ili asiruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Walimteka, wakamuua Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri huko Roma. Mimi ni Mprotestanti, lakini namheshimu sana, na nimeona habari yake ikitumiwa vibaya, kama fimbo: "Floribert alikufa kwa ajili ya imani, wewe unashindwa hata kuimba?" Wanasahau maisha yake kabla ya siku ile. Alikuwa mmoja wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, akisali na wenzake, akiwahudumia maibobo, watoto wa mitaani kwetu, akihakikisha wanakula na wanasoma. Uthabiti wake ulijengwa pale, kwenye sala ya pamoja na sahani ya mtoto wa barabarani, miaka kabla ya mtu yeyote kuweka pesa mezani kumjaribu. Hakuwa shujaa wa peke yake.

Mtawa mmoja wa jangwa la Misri, Evagrius, aliyefariki mwaka 399, alikuwa mwangalifu sana wa mambo ya moyo. Alieleza uchovu unaomjia mwamini katikati ya mchana, jua likionekana kama limesimama, kazi haina ladha, sala ni kavu, na moyo unasema ondoka hapa, popote ni afadhali. Shauri lake lilinishangaza nilipolisoma chuoni. Alisema saa hiyo ujigawe nafsi mbili, kwa machozi, moja ifariji na nyingine ifarijiwe, ukisema maneno ya Zaburi ya 42: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu." Kwa machozi, alisema. Mtawa wa jangwani, bingwa wa sala, haoni aibu kuanza na machozi. Jaribu hivyo ukiwa peke yako, pale watoto wamelala. Jisemeze polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani, jinsi ungemsemesha dada yako. Na kama hata maneno hayo hayatoki, kaa tu. Warumi 8 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuugua kunatosha.

Kuna tendo moja dogo nataka ulijaribu mapema. Watu wengi wanajua maneno "furaha ya BWANA ni nguvu zenu", tunayaandika hata kwenye vioo vya magari. Wachache wanakumbuka yalisemwa lini. Katika Nehemia 8 watu walikuwa wanalia, wamerudi kwenye mji uliobomolewa, wamesikia Torati, wamevunjika. Wakaambiwa waende wale kilichonona, wanywe kilicho tamu, na wampelekee sehemu yule asiyewekewa kitu. Furaha ya aya ile ina sahani ndani yake, na sahani hiyo inatoka kwenda kwa jirani. Karibu na wewe yupo mama mwingine wa Sake, au wa Masisi, au wa Rutshuru, ambaye pia hana habari za mume wake. Mpelekee kikombe cha maharage. Kaa naye. Msifundishane. Sisemi hili litakuponya, nasema tu kwamba nimeona mara nyingi wimbo ukianza tena kati ya wanawake wawili wanaochambua maharage, kabla haujaanza kanisani.

Neno moja zito, na nakuomba ulichukue kwa uzito wake. Ukiona usingizi umekataa kwa majuma, chakula hakipiti, watoto wanakuita na huwezi kuinuka, au mawazo yanakujia kwamba ingekuwa afadhali usiwepo, usingoje Jumapili. Mwambie mtu siku hiyohiyo, na uende kituo cha afya uombe kuonana na mshauri wa mambo ya moyo na akili. Goma wapo, na mama wengi wa kanisa wamesaidiwa nao. Kwenda huko hakupunguzi imani, kama vile kumeza dawa ya malaria hakumpunguzii mtu wokovu.

Umebaki na swali la "mpaka lini". Sina jibu la tarehe. Ila nataka ujue swali hilo si lako wewe tu, na si la kuonea aibu. Zaburi ya 13 inaanza nalo, na kulirudia mara nne ndani ya aya mbili: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako, hata lini nifanye mashauri nafsini mwangu, hata lini adui yangu atatukuka juu yangu. Daudi alimuuliza Mungu usoni. Wewe umeniuliza mimi. Muulize yeye, kwa maneno yaleyale, kila siku ukitaka.

Hapa kwetu, Jumatano saa kumi jioni, tunakaa wanawake na wanaume kama kumi na tano hivi, karibu wote wana mtu ambaye hawajui yuko wapi. Hatuna vyombo wala mahubiri. Tunasoma Zaburi ya 13 polepole, na kila penye "hata lini" tunasimama, mtu anataja jina. Kuna anayeimba, kuna asiyeimba. Mke wangu anapika chai na maandazi ya watoto. Njoo nao wote wanne, hata kama yule mdogo anasumbua.

Na mume wako, andika jina lake kwenye karatasi, majina yote matatu kama yalivyo kwenye kadi yake ya mpiga kura, ili tulitaje bila kukosea.